Tingatinga Alianza na Bodi ya Dari

Zile picha za twiga na ndege wenye madoadoa ambazo watalii hununua sana zinaitwa Tingatinga. La, hatuzungumzii trekta. Hilo ni jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru, kusini mwa Tanzania, mwaka wa 1932.

Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kule Tanga, kisha akaingia Dar es Salaam kusaka riziki, vile wengi wetu huingia mjini. Vibarua vilikuwa vya kila aina, hata kutunza bustani ya Mzungu. Kuchora alianza mwaka wa 1968 hivi, akiwa na miaka thelathini na kitu. Darasa la sanaa hakuwahi kulikanyaga.

Sasa hebu jiweke mahali pake. Unataka kuchora na mfuko umetoboka. Vifaa vya wachoraji ni vya wenye nazo. Ungekaa kungoja mfadhili, ama? Tingatinga alichukua zile bodi nyembamba za kufunikia dari, zikiwa zimekatwa mraba, kama futi mbili kwa mbili. Rangi je? Ile ya mafuta ya kupaka baiskeli.

Na hapo ndipo mtindo wenyewe ulipotokea. Kwanza unapaka bodi yote rangi moja. Hakuna milima, hakuna mawingu. Rangi hiyo ukiivamia ikiwa mbichi itakuchafulia kila kitu, kwa hivyo unaiacha ikauke. Kisha analetwa mnyama mmoja, anajaza nafasi yote. Bodi haiongezwi urefu, basi mnyama ndiye anayejipanga kuifuata! Rangi nayo inabaki kali vile ilivyotoka mkebeni. Kwangu mimi, ukata huo ndio uliomfunza kuliko mwalimu yeyote.

Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni walikuwa wakinunua bidhaa zao. Jamaa zake wachache wakaanza kujifunza kwake.

Halafu 1972 polisi wakampiga risasi jijini Dar, wakidhani ni mhalifu anayetoroka. Akafa. Alikuwa amechora miaka kama minne tu, basi.

Wanafunzi wake hawakuachia brashi, na baadaye wakaunda ushirika. Siku hizi wengi huchora kwenye kitambaa, manake mtalii hawezi kukunja bodi akaitia mkobani.