Rebmann wa Rabai: Ningoje ama Niende?

Swali linalotusumbua wengi ni lile lile: ningoje Mungu anionyeshe, ama niinuke niende? Kuna mtumishi aliyeishi hapa hapa kwetu Kilifi, kule Rabai, ambaye alionja yote mawili.

Johannes Rebmann alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka 1820. Alifika Mombasa 1846, akamkuta Krapf, ambaye tayari alikuwa amezika mke na mtoto mchanga pwani hii. Mwaka huo huo wakapanda Rabai kuanza misheni.

Mwanzoni Rebmann alikuwa mtu wa safari. Tarehe 11 Mei 1848, akielekea Uchagani, aliona weupe juu ya mlima. Aliyemwongoza hakuwa na jina la kitu kile, akakiita baridi tu. Rebmann akatambua ni theluji ya Kilimanjaro. Wasomi wa London, ambao hawakuwahi kukanyaga huku, wakambishia miaka mingi. Hapo miguu ndiyo iliyoleta nuru. Angekaa tu Rabai akiomba aonyeshwe, mlima asingeuona.

Lakini 1849 alikwenda tena, akitaka kupita mpaka Unyamwezi. Huko Machame, Mangi Mamkinga akamnyang'anya mali yake. Basi, safari ikaishia hapo. Akarudi mikono mitupu.

Mwaka 1853 Krapf akaondoka. Rebmann akabaki. Mringe, wa kwanza kubatizwa, alikuwa kilema na hakuishi sana baada ya ubatizo. Waumini walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mwaka 1866 akamzika mkewe Emma. Kisha macho yake yakafifia, mpaka akawa kipofu.

Sasa angalia, mpendwa: kule kungoja hakukuwa kukaa mkono shavuni. Siku baada ya siku aliandika maneno ya lugha za watu. Salimini, mtu aliyeuzwa utumwani kutoka Nyasa, akamfundisha lugha ya kwao, na kamusi yake ikachapishwa 1877. Rebmann hakuishika: alikuwa amerudishwa kwao 1875, baada ya miaka 29, akafa Korntal 1876. Lakini kanisa la Rabai lipo hadi leo.

Kwa hiyo wewe unayengoja jibu la kazi, la ndoa, la kesi ya shamba, jiulize: kuna hatua moja ninayoijua na ninaiogopa? Kama ipo, ichukue wiki hii. Usijifiche nyuma ya maombi. Na kama umeenda mpaka njia ikafungwa, usikimbilie huku na huku ukitafuta ishara. Kaa, shika kazi iliyo mbele yako, uifanye hata kama hakuna anayepiga makofi. Mwenye kungoja huku anafanya kazi, Mungu akifungua mlango atamkuta tayari yuko macho.