Elmore James, fundi wa radio aliyepasua sauti ya gitari

Vijana wetu wengi wanatafuta ile sauti ya gitari ya blues yenye kupasuka, na wanazani ni lazima vyombo vya bei kali. Sisi tunasema: kwanza mujue maisha ya Elmore James.

Alizaliwa tarehe 27 Januari 1918 ku Richland, mu jimbo la Mississippi, Marekani. Mama yake alikuwa anatumika mu mashamba. Mutoto hakuwa na gitari. Alifunga uzi moja ya chuma ku ukuta, njo akajifunza pale. Mu vita ya pili ya dunia alitumika mu jeshi la maji, ku Guam.

Aliporudi, walimukuta na ugonjwa wa moyo. Akapata kazi ya kutengeneza radio mu duka la ndugu yake, ku Canton. Pale njo alijua siri ya lampe.

Alikamata gitari ya mbao, akatia mikro ku tundu yake, akaiunga ku ampli ya lampe. Aliregeza nyuzi mpaka zote sita, bila kuzikamata, zinatoa akordi moja ya Re. Ku kidole kidogo alivaa kipande cha tiyo ya chuma, akakitelezesha juu ya nyuzi bila kuzifinya. Kisha akapandisha ampli kupita nguvu yake. Lampe ikishindwa, sauti inapasuka, sawa koo ya mutu anayeita mwenzake mbali mu shimo.

Mu 1951, ku Jackson, alirekodi Dust My Broom. Wimbo ukapendwa mingi, naye akahamia Chicago. Kule Uingereza, Brian Jones wa Rolling Stones na wale wa Fleetwood Mac walifuata sauti yake, wakaiingiza mu roki. Yeye hakupiga ku Ulaya ata siku moja. Moyo ulimushinda ku Chicago tarehe 24 Mei 1963, akiwa na miaka 45.

Basi, kijana mwenye ampli ndogo, anza na tiyo na nyuzi zilizoregezwa. Lakini ampli ya lampe usiifungue wewe mwenyewe: kuranti inabaki ndani ata ukiizima, na inaua. Umuachie fundi. Elmore alikuwa fundi kwanza.