Dekha Ibrahim Abdi: Ushujaa wa Kuuzuia Mkono

Msomaji wa Kiswahili amezoea kumtambua shujaa kwa uta na mishale yake, mfano wa Fumo Liyongo. Dekha Ibrahim Abdi hakushika silaha wala hakuongoza jeshi. Hata hivyo, katika eneo lililokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambao makao yake makuu yalikuwa Garissa, ni vigumu kusimulia habari za amani pasipo kulitaja jina lake.

Alizaliwa Wajir mwaka 1964, wakati vita vya Shifta vilikuwa vimekwisha kuanza. Vita hivyo vilimalizika mwaka 1967, lakini sheria za hali ya hatari zilibaki hadi mwaka 1991. Kwa hiyo mtoto wa kizazi chake alizaliwa chini ya sheria hizo, akasoma chini yake, na akawa mzazi zingali zinatumika. Mwezi Februari mwaka 1984 kulitokea mauaji ya Wagalla, karibu na mji wa Wajir, ambapo vikosi vya serikali viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege na wengi wao wakapoteza maisha. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wakimbizi walimiminika hadi Dadaab, na bunduki nazo zikavuka mpaka. Ukame ulikuwa umekwisha kuangamiza mifugo. Koo za Degodia, Ajuran na Ogaden zikaanza kupigania maji na malisho, na kila mauaji yakazaa mauaji mengine.

Usiku mmoja wa vita hivyo vya koo, Dekha alimchukua binti yake kifungua mimba akajificha naye uvunguni mwa kitanda, risasi zikipita huku na huku. Kulipopambazuka, watu wa nyumbani walikuwa wakizungumzia masaibu ya usiku, na mama yake Dekha akawa anasikiliza. Kisha akawasimulia kwamba katika miaka ya Shifta yeye naye alijificha vivyo hivyo uvunguni, akiwa amempakata Dekha aliyekuwa mtoto mdogo. Ilimhuzunisha kuona binti yake akiyarudia yale yale baada ya zaidi ya robo karne. Akamhimiza atafute amani, ili mjukuu huyo asije akalazimika kumficha mwanawe kwa namna hiyo. Yafaa kuzingatia kwamba bibi huyo hakuuliza ni ukoo gani uliofyatua risasi, wala hakudai kisasi. Mawazo yake yote yalikuwa kwa mtoto.

Juhudi za Dekha na wanawake wenzake zilikuwa zimeanza mwaka 1992, nazo hazikuanzia ofisini. Wanawake wachache wa koo tofauti walikutana katika shughuli ya arusi, wakaanza kuulizana la kufanya. Walianza na soko la Wajir, kwani uhasama ulikuwa umefika mahali ambapo mwanamke wa ukoo mmoja hakuweza kumuuzia wala kununua kwa mwanamke wa ukoo mwingine. Wakakubaliana kwamba soko liwe salama kwa kila mtu, wakaweka macho yao pale, na palipozuka ugomvi wakausuluhisha kabla haujafika nyumbani kwa wanaume wenye bunduki. Huenda jambo hili likaonekana dogo. Lakini palipokosekana maziwa sokoni mtoto alilala njaa, na kila mama aliyekuwepo alilielewa hilo bila kuelezwa.

Sharti la kujiunga na kundi hilo ndilo linalodhihirisha undani wa fikra za Dekha. Kila aliyetaka kuingia alitakiwa kwanza kujiuliza iwapo angeendelea kushirikiana na wenzake hata kama watu wa ukoo wao wangewaua jamaa zake mwenyewe. Asiyeweza kukubali hakulazimishwa, ila hakujiunga. Sharti hilo ni zito kuliko kiapo cha askari, kwa kuwa askari huahidi kupigana na adui, ilhali wanawake hawa waliahidi kuizuia mikono yao wakati ambapo jamii nzima ingewahimiza kulipiza. Utulivu wa namna hiyo hauji kwa bahati. Hutayarishwa mapema, kabla ya msiba kufika, maana msiba ukishafika nafasi ya kufikiri huwa haipo.

Baada ya wanawake walifuatwa wazee. Mzee wa ukoo mdogo, usiokuwa na sehemu katika ugomvi, ndiye aliyepewa jukumu la kuwaongoza wenzake, nayo ilikuwa busara kubwa, kwa sababu hakuna upande uliomshuku. Mwezi Septemba mwaka 1993 wazee walitia saini Azimio la Al Fatah. Vijana nao walishirikishwa, wakiwemo wale ambao jana yake walitazamwa kama wapiganaji tu. Mwaka 1995 kamati hiyo ya amani na maendeleo ya Wajir iliingizwa katika mfumo wa utawala wa wilaya, na baadaye kamati za namna hiyo zilienea katika wilaya nyingine za Kenya. Wakristo wa Wajir waliposhambuliwa mwaka 1998, Dekha alisaidia kuwakutanisha wanawake Waislamu na Wakristo.

Sifa zilimfuata nje ya nchi. Alifanya kazi na taasisi ya mafunzo ya utatuzi wa migogoro mjini Birmingham, akashiriki kuandika kitabu cha mafunzo hayo kilichotoka mwaka 2000, na mwaka 2007 akatunukiwa Tuzo ya Right Livelihood nchini Sweden. Wiki chache baadaye nchi yake iliwaka moto kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007. Yeye pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Daniel Opande, Jenerali Lazaro Sumbeiywo na George Wachira walianzisha kundi la raia waliotafuta amani jijini Nairobi, na mafunzo ya soko la Wajir yakafika mahali ambapo wengi hawakuwa wamewahi kuisikia Wajir.

Mwezi Julai mwaka 2011 alikuwa njiani kuelekea Garissa kwa mkutano wa amani, gari lao lilipopata ajali. Mumewe alipoteza maisha katika ajali hiyo. Dekha alifariki dunia Nairobi tarehe 14 Julai, kabla ya kufika kwa watu waliokuwa wakimsubiri.