Anna Atkins, mama aliyepiga picha bila kamera

Siku hizi karibu kila simu ina kamera. Leo tunawasimulia maisha ya mama aliyetengeneza picha nzuri mno kwa karatasi, dawa, maji na jua tu.

Anna alizaliwa Tonbridge, kusini mwa Uingereza, mwaka 1799. Mama yake alifariki Anna akiwa bado mchanga, akalelewa na baba yake, John George Children. Mzee huyu alikuwa mwanasayansi, na baadaye alifanya kazi katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Zama hizo wasichana wengi hawakufundishwa sayansi, lakini yeye alimfundisha binti yake. Alipotafsiri kitabu cha kombe za baharini, Anna ndiye aliyemchorea picha, zaidi ya 200.

Mwaka 1825 Anna aliolewa, akahamia Halstead, Kent. Hakujaliwa watoto. Alipenda kukusanya mimea, hasa mwani, mimea ya baharini kama ile wanayoilima akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar. Mwani mwingine ni mwembamba kama uzi, na kuuchora bila kukosea ni kazi ngumu.

Mwaka 1842 rafiki wa familia yao, Sir John Herschel, aligundua njia mpya, na Anna akaijaribu. Alipaka karatasi dawa mbili zenye madini ya chuma, akaikausha gizani. Akalaza mwani juu yake, akaufunika kwa kioo, akaitoa juani. Palipopigwa na jua paligeuka rangi. Palipokingwa na mwani palibaki vilevile. Alipoiosha kwa maji, karatasi ikawa buluu iliyokolea, na umbo la mwani likaonekana jeupe.

Oktoba 1843 alitoa sehemu ya kwanza ya kitabu chake cha mwani. Wengi wanakihesabu kuwa kitabu cha kwanza duniani chenye picha za fotografia. Hakikupigwa chapa kiwandani: kila ukurasa aliutengeneza kwa mkono, na nakala akawapa marafiki na wanasayansi.

Tarehe 1 Januari 1852 baba yake alifariki. Huyo ndiye aliyekuwa mzazi na mwalimu wake, na majonzi yalimlemea. Kiangazi cha mwaka huo rafiki yake, Anne Dixon, aliyekuwa kwake kama dada, alikuja kukaa naye. Wakafanya kazi pamoja, wakilaza majani juu ya karatasi na kungoja jua. Mwaka 1853 kitabu cha mwani kilikamilika, na wawili hao wakatengeneza kingine cha kangaga, mimea ya kivulini yenye majani kama manyoya.

Kitabuni Anna alitia herufi mbili tu, A.A. Alifariki mwaka 1871, na baadaye kuna waliodhani herufi hizo ni za mtu asiyetaka kujulikana. Leo jina lake linatajwa duniani kote.

Wazazi, jaribuni nyumbani: wekeni jani juu ya karatasi ya rangi kwenye dirisha lenye jua kali, mliache siku kadhaa. Karatasi itapauka, na chini ya jani umbo litabaki. Mkiwa mnangoja, ulizaneni: katika ukoo wetu, nani alifanya kazi kubwa bila kutajwa jina?