Marey na bunduki iliyowinda shakwe bila kuwaua

Leo nawaletea habari za mzee mmoja wa Ufaransa ambaye kila mwenye kupiga picha za shakwe na membe wakiwa hewani ana deni lake, awe anamjua au hamjui.

Jina lake Étienne-Jules Marey, aliyezaliwa mji wa Beaune mwaka 1830. Moyo wake ulikuwa kwenye mitambo, lakini babake alitaka awe daktari. Kijana akatii, akaenda Paris mwaka 1849 kusomea utabibu. Hata hivyo, ufundi hakuutupa. Aliunda kifaa cha kufungwa mkononi kilichochora mapigo ya mshipa, madaktari wakayaona kwa macho badala ya kuyabahatisha kwa vidole.

Kutoka kwenye mshipa akahamia kwa ndege. Alitaka kujua bawa hufanya nini hasa linapopiga hewa, jambo ambalo jicho haliwezi kulifuata. Kwanza aliwavisha njiwa vifaa vyepesi vya kuchora mwendo wa bawa. Kisha mwaka 1882, huko Naples, Italia, alikokuwa akikaa majira ya baridi, akaja na kamera yenye umbo la bunduki. Alilenga ndege, akafyatua, akapata picha 12 kwa sekunde moja. Inasimuliwa kuwa wenyeji walimdhania punguani: mwindaji gani huyu asiyerudi hata na unyoya?

Mzee hakujali. Mwaka 1887 alitengeneza sanamu ya shaba ya shakwe, ikionesha bawa lake hatua kwa hatua, na mwaka 1890 akatoa kitabu kizima kuhusu kuruka kwa ndege. Picha zake za mfululizo zilisaidia kufungua njia ya sinema. Alifariki mwaka 1904, miezi michache tu baada ya ndugu wawili wa Marekani, Wright, kurusha eropleni yao yenye injini.

Mimi somo naliona kwa baba na mwana. Wazazi wengi kwetu humchagulia mtoto kazi, na watoto wengi hudhani kutii ni kuizika talanta. Marey alipata radhi ya babake na talanta yake akaitumia vilevile, tena ndani ya kazi ileile aliyochaguliwa.

Basi mwanao akishinda ufuoni na simu akiwafuata shakwe, kabla hujamwita mvivu, muulize ameona nini.