KIMATHI: SHUJAA ALIYENYIMWA KABURI

Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Waingereza walipopigana na Mau Mau hawakutegemea bunduki peke yake, bali sinema nazo ziliingia vitani. Mwaka 1955 ilitoka picha iitwayo Simba, mwaka 1956 ikafuata Safari, na mwaka 1957 Wamarekani wakatoa Something of Value. Hata hii ya tatu, ambayo ina huruma kidogo kwa kuwa yasimulia wavulana wawili, Mzungu na Mkikuyu, waliolelewa kama ndugu, nayo ilimtazama mwenye nchi kwa jicho la mlowezi. Na katika mwaka huo huo wa 1957, tarehe 18 Februari, mtu aliyetajwa zaidi katika vita hivyo alinyongwa katika jela ya Kamiti. Jina lake Dedan Kimathi wa Wachiuri.

Kimathi alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1920 katika kijiji cha Thege, Tetu, wilaya ya Nyeri. Alizaliwa yatima, kwani baba yake alikufa kabla ya kumwona. Alisoma Karuna-ini, kisha Tumutumu katika shule ya misheni, na tokea udogoni alikuwa mtu wa kalamu na daftari. Mwaka 1941 aliingia jeshini lakini hakudumu. Baadaye akawa mwalimu, akawa karani, akaingia chama cha KAU, na ilipofika mwaka 1952 alikuwa katibu wa tawi la Ol Kalou. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba mwaka huo, haukupita muda akashika njia ya msitu wa Nyandarua.

Huko msituni ndiko ilikodhihiri kalamu yake. Wengi walijua kupiga. Kimathi alitaka pia kuandika. Alituma barua, akaweka daftari za vikao, akataka vita viwe na serikali yake. Agosti 1953 liliundwa Baraza la Ulinzi la Kenya, na Februari 1954 likafuata Bunge la Kenya, naye akachaguliwa Waziri Mkuu. Msomaji asidhani namchora malaika. Wenziwe walimlalamikia ukali na shaka nyingi, na viongozi wa msitu waligawanyika. Lakini miaka minne serikali yenye ndege na mabomu ilimsaka, isimpate.

Mwishowe alipatikana kwa mkono wa mtu wa kwao. Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, askari wa kikabila aitwaye Ndirangu Mau alimpiga risasi ya mguu ukingoni mwa msitu, naye amevaa ngozi ya chui. Kesi ilisikizwa Nyeri mwezi uliofuata mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor. Hakushtakiwa kuua mtu. Alishtakiwa kupatikana na bastola na risasi. Hilo lilitosha. Rufaa zikakataliwa. Mkewe Mukami, naye akiwa mfungwa, aliruhusiwa kumwona siku moja kabla ya kitanzi.

Kamiti si mbali na Ruiru. Nina ndugu yangu mdogo aliyehamia Ruiru kwa biashara, na kila niendapo kumtembelea kwa barabara ya Thika, mawazo hunipeleka kwenye jela ile. Upande huu wa nchi ulikuwa wa walowezi: buni Ruiru, mkonge Thika, na wenye ardhi wakawa vibarua juu ya ardhi yao. Ndani ya udongo huo huo akafukiwa Kimathi, bila ya jiwe wala alama, na jamaa zake wasionyeshwe mahali.

Sisi tuliosoma chuoni tunakijua kisa cha Qabil na Habil. Qabil alimuua nduguye kwa husuda, asijue la kufanya na maiti, mpaka Mwenyezi Mungu alipompeleka kunguru akachimbua ardhi kumfundisha. Basi muuaji wa kwanza ulimwenguni alimsitiri nduguye, akajuta. Kimathi hakuwa wa dini yetu, lakini haki ya maiti kusitiriwa mbele ya watu wake yajulikana na kila mila. Serikali ya mkoloni ilimnyima haki hiyo kwa makusudi, ikichelea kaburi lisije likawa mahali pa kukusanyikia. Wala Uhuru haukumaliza jambo, kwani hata marufuku ya Mau Mau ilibaki katika sheria mpaka mwaka 2003.

Waliomkumbuka kwanza ni watu wa sanaa. Mwaka 1976 tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo juu ya kesi yake ilichezwa Nairobi, na mwaka 1977 ikapelekwa Lagos katika tamasha kuu la FESTAC. Mwaka 1990 Nelson Mandela alipohutubu Kasarani, kwenye barabara hiyo hiyo ya Thika, alimtaja Kimathi kwa heshima. Sanamu yake Nairobi ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe.

Sasa ngozi imepata wamba wengine. Katika sinema zinazotengenezwa na watu wenyewe, bila ya makampuni makubwa, niipendayo mimi ni Our Land, Our Freedom ya akina mama wawili, Zippy Kimundu na Meena Nanji, iliyoonyeshwa Amsterdam katika tamasha la Novemba 2023. Haina mizinga wala mbio za farasi. Inamfuata Wanjugu Kimathi, binti wa Mukami, akiutafuta mwili wa mzee wake na akiwasimamia wazee wa Mau Mau wasio na ardhi. Mukami mwenyewe alifariki tarehe 4 Mei 2023, kabla picha haijafika tamashani, na kabla hajamzika mumewe.

Mpaka naandika haya kaburi halijapatikana. Sanamu ni kitu chema, na jina la barabara ni heshima, lakini maiti hastiriwi kwa shaba. Udongo wa Kamiti uko mikononi mwa serikali yetu wenyewe, na daftari za jela vilevile. Lililobaki ni nia ya kuchimbua, kama alivyofanya yule kunguru.