Terry Hirst, mchoraji aliyempa Joe sura

Siku ukisafisha stoo ya babu pale Mahoo, ukikuta jarida limeandikwa JOE na katuni kubwa kwenye jalada, tafadhali usifungie nalo mandazi. Ukilipata zima, shukuru. Umeshika kazi ya Terry Hirst.

Huyu mzee alizaliwa Brighton, Uingereza, 1932. Alikuja Kenya 1965, uhuru ukiwa bado mbichi, kufundisha sanaa. Hakukaa pembeni. Alikuwa kwenye kundi la Elimo Njau lililoanzisha Paa ya Paa, jumba la sanaa la Nairobi, na baadaye akafundisha Kenyatta College. Angeweza kutulia hapo, mshahara unaingia kila mwezi, maisha yaende.

Lakini 1973 yeye na mwanahabari Hilary Ng'weno wakaanzisha Joe. Jina lilitoka kwenye safu ya vichekesho ya Ng'weno katika Daily Nation, ambamo Joe alikuwa mtu wa kawaida tu. Hirst ndiye aliyempa sura. Wazungu wengi waliochora Kenya walituletea twiga, machweo na Mmaasai na mkuki wake. Hirst akachora jamaa wa Nairobi ambaye mshahara umeisha kabla ya mwezi: kodi inamsubiri, baa inamwita, mkubwa kazini anamfokea, na bado anacheka. Yaani mimi na wewe, bana. Nadhani ndiyo maana majalada yale hayazeeki.

Na kucheka wakati ule hakukuwa jambo dogo. Kumsema mkubwa waziwazi kulikuwa hatari; Machi 1975 mbunge J.M. Kariuki aliuawa. Joe ilipenyeza mambo kwa mzaha. Ndani mlikuwa na katuni na hadithi fupi za waandishi wa hapa nyumbani, kwa hivyo wewe unayetaka kukata jalada ulitie fremu kwa sababu linapendeza ukutani, unatupa nusu ya kazi. Weka nakala nzima, mahali pakavu, mbali na mchwa.

Ng'weno aliondoka mapema, na 1975 akaanzisha The Weekly Review. Hirst akaendelea na Nereas Gicoru hadi 1979, Joe ilipozimika. Miaka saba haijatimia.

Wengine wangerudi kwao. Yeye akaingia kwenye Pichadithi, vitabu vya katuni vya miaka ya 80 vilivyochukua ngano za hapa, kama ile ya Lwanda Magere, zikasomwa na watoto ambao hawakuwa na bibi wa kuwasimulia. Mwaka 1994 akachora The Struggle for Nairobi, historia ya jiji hilo kwa katuni, na humo pia wanaosukumwa pembeni ndio wanaojaa kurasa.

Alifariki 2015, nusu karne kamili tangu aje Kenya kufundisha.